Bob Marley Hakuwasema Wanawake

Msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini, juma hili tuweke kando bei ya mafuta na maneno ya madiwani. Nataka tuzungumze juu ya maneno manne ya Kiingereza, mepesi kiasi kwamba mtoto wa shule ya msingi anayajua yote, ambayo kwa zaidi ya miaka arobaini yametumika hapa pwani kuwasema wanawake. Aliyeyaimba hakuwa na nia hiyo. Alikuwa anambembeleza mwanamke anyamaze kulia.

Maneno yenyewe ni jina la wimbo wa Bob Marley, "No Woman, No Cry". Hapa Tanga utayakuta yamechorwa kwenye ule mpira unaoning'inia nyuma ya baiskeli kuzuia matope, kwenye ukuta wa kinyozi, kwenye kioo cha nyuma cha daladala, na siku hizi kwenye bodaboda. Mwulize mwenye chombo maana yake. Atakujibu pale pale, kama mtu anayetaja methali ya babu yake: pasipo mwanamke, hapana kilio. Yaani mwanamume asiye na mke hulala usingizi mnono, na machozi yote ya ulimwengu yameletwa na wanawake. Wenzake kijiweni watacheka, na mama anayepita na kapu lake kutoka sokoni atasikia, kama ilivyokusudiwa asikie.

Nimefanya kazi ya redio miaka mingi, na kadi za salamu nimezisoma hata sauti ikakauka. Wimbo huu huombwa sana, na mara nyingi unajua unaombwa kwa nini. Mtu ameachana na mkewe, anautuma wimbo kwa "wote wanaonifahamu", na mtaa mzima unaelewa umeelekezwa mlango gani. Talaka ya kwanza ilitolewa mbele ya wazee. Ya pili inatolewa hewani.

Basi na tuufungue wimbo wenyewe tuone kilichomo.

Ulitoka mara ya kwanza mwaka 1974 katika santuri iitwayo Natty Dread. Uliozunguka dunia, hata hivyo, ni ule uliopigwa mbele ya watu katika ukumbi wa Lyceum, London, mwezi Julai 1975, kwa mwendo wa taratibu zaidi, kinanda kikitangulia na ukumbi mzima ukiitikia. Jina la mtunzi lililoandikishwa ni Vincent Ford, rafiki wa Marley wa Trenchtown, mtaa wa maskini katika jiji la Kingston, Jamaika, ambako Ford alikuwa na jiko la kulisha watu. Wapo wanaosema Marley ndiye aliyetunga, akaandikisha jina la rafiki yake ili fedha za wimbo zisilikaukie jiko lile, na mabishano hayo yamefika mpaka mahakamani London. Sisi hayatuhusu sana, isipokuwa kwa jambo moja: huu ni wimbo wa uani, wa watu waliokula chungu kimoja.

Na hivyo ndivyo unavyosema. Mwanamume yuko safarini au anakaribia kuondoka. Anamkumbusha mwanamke siku walizokaa pamoja katika ua wa nyumba za serikali, moto wa kuni ukiwaka usiku, uji wa mahindi ukipikwa na kugawanywa. Anawataja marafiki wema waliokuwa nao na wengine waliopotea njiani. Kisha anamhakikishia, na kurudia tena na tena mpaka mtu akaona huyu anajiambia na nafsi yake pia, kwamba mambo yatakuwa sawa. Hamna humo mwanamke mkorofi wala aliyekimbia na mali ya mtu. Sijapata kumsikia mwanamume anayemlaani mwanamke kwa kumkumbusha uji waliokunywa pamoja.

Kwa anayetaka ushahidi wa ndani zaidi, uko katika wimbo huo huo. Baada ya kumwita "mwanamke", mwimbaji anambadilishia jina, anamwita mpenzi mdogo, mahali pengine dada mdogo, na kumwomba asidondoshe machozi. Hapo ametumia neno la kukataza lililo wazi, ambalo hata mwanafunzi wetu analijua. Amri ni ile ile, imerudiwa kwa maneno mengine. Anayesikia kibwagizo peke yake amepata nusu ya habari, na nusu aliyoikosa ndiyo inayoeleza nusu aliyoishika.

Sasa twende kwenye lugha, maana shina la mkanganyiko liko hapo.

Marley hakuimba Kiingereza cha vitabu vyetu. Waingereza waliitwaa Jamaika mwaka 1655 kutoka kwa Wahispania, wakapeleka huko Waafrika kwa maelfu kulima miwa. Watu wa makabila mengi, wasioelewana wao kwa wao, walilazimika kutengeneza lugha kutokana na Kiingereza cha wasimamizi na mazoea ya lugha walizotoka nazo Afrika Magharibi. Utumwa ulifutwa huko katika miaka ya 1830, lugha ikabaki, ina kanuni zake na haiombi radhi kwa mtu. Katika lugha hiyo, ukiweka "no" mbele ya kitendo umekataza au umekanusha kitendo hicho. "No cry" ni usilie. Basi.

Mtu wa Afrika Mashariki hana haja ya kusafiri mpaka Kingston kulielewa hilo. Amkumbuke mlowezi wa Kizungu wa bara, hasa nyumba ya pili kwetu, Kenya, na kile Kiswahili chake kilichoitwa Kisetla. Bwana yule hakuwa na muda wa kujifunza usi-, hatu-, siku- na hawaja-. Alichukua neno moja, "hapana", akalitia kila mahali. Mimi hapana jua. Yeye hapana kuja. Wewe hapana lia. Mpishi wake alielewa vizuri kabisa kwamba "hapana lia" maana yake ni "usilie", ingawa akirudi nyumbani jioni aliwachekesha watoto kwa kumwigiza. Sasa chukua jina la wimbo wa Marley ulitie katika Kisetla: "Hapana, mama, hapana lia". Umeuona? Pale pale sura ya wimbo inabadilika. Tofauti ni kwamba "hapana" ya mlowezi ilitoka juu kwenda chini, ya mtu asiyejali kujifunza, na "no" ya Jamaika ilitengenezwa na waliokuwa chini kwa ajili ya kusemezana wao kwa wao.

Kiswahili chenyewe kisingeleta ugomvi huu hata kidogo. Sisi tuna hapana, tuna hakuna, tuna si, tuna bila, tuna pasipo, na tuna usi- ya kumkataza mtu mmoja na msi- ya kuwakataza wengi. "Usilie" ni neno moja, lina mlango na kufuli. Kiingereza kinalipa neno "no" kazi nyingi kwa mshahara mmoja, ndipo msikilizaji akabaki kuchagua mwenyewe.

Swali linalonishughulisha ni hili: kwa nini watu wetu, wakiwa na njia mbili mbele yao, walichagua ile ya chuki?

Sababu ya kwanza ni namna Kiingereza kilivyotufikia. Tanga ilisoma Kijerumani kabla ya Kiingereza. Wajerumani walifungua hapa shule ya serikali katika miaka ya 1890, na hata neno "shule" ni lao. Waingereza waliuteka mji Julai 1916 na wakakaa mpaka uhuru, 1961, lakini kwa mkazi wa kawaida wa Ngamiani, kuli wa bandarini, au mkata mkonge wa Amboni, Kiingereza hakikuwa lugha ya kuzungumza. Kilikuwa lugha ya vibao. "No Entry" kwenye geti la bandari. "No Smoking" penye matangi ya mafuta. "No Vacancy" kwenye lango la kiwanda, hicho tumekisoma sana. Na kile cha mwajiri, "No Work, No Pay", hufanyi kazi hulipwi. Baada ya 1967 shule zetu za msingi zilifundisha kila somo kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe, nami siungani na wanaolilaumu jambo hilo, lakini vibao vilibaki pale pale. Kwa hiyo sikio lilikuwa na mfinyanzo tayari: hapana hiki, hapana kile. Wimbo ulipofika ulimiminwa humo ukaganda. Hata ile alama ya mkato inayowekwa katikati ya jina lake haikusaidia. Kwenye "No Work, No Pay" nayo ipo mahali hapo hapo.

Sababu ya pili ni njia wimbo ulivyopita. Muziki wa kigeni haukuwa na njia nyeupe Tanzania ya miaka ile. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam, na mpaka miaka ya mwanzo ya 1990 redio iliyokuwapo bara ilikuwa moja, ya serikali, iliyotaka kwanza tusikie vya kwetu. Mimi naona ilitutendea wema mkubwa, kwani bila ya hazina ile ya kanda zake nusu ya dansi yetu ingekuwa imepotea. Ila Tanga iko karibu zaidi na Mombasa kuliko Dar es Salaam, na mawimbi hayakaguliwi Horohoro. Watu walishika redio ya Kenya. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, waliotoka hapa hapa katika bendi ya Jamhuri Jazz, nao walifuata njia hiyo hiyo ya kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuunda Simba Wanyika. Reggae ilikuja kwa mawimbi hayo, kwa mabaharia, kisha kwa kanda zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine, mpaka maneno yote yakawa ukungu na kibwagizo peke yake kikabaki kimesimama. Marley alipopiga muziki Harare katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980, jina lake lilikuwa kubwa kwetu kuliko maneno yake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Mei 1981, alifariki dunia, na wimbo ukabaki mikononi mwetu bila mwenyewe.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa, na ni yetu wenyewe. Pwani hii imezoezwa kusikia mafumbo.

Mji huu ulikuwa na Black Star Musical Club, kisha Lucky Star, vikundi vilivyoubadilisha mwendo wa taarabu katika miaka ya 1960 na 1970. Badala ya safu ya fidla za Unguja waliweka magitaa, besi na ngoma ndogo, na mbele yake sauti kama ya Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016. (Majina ya vikundi vyetu, kwa njia, ni ya Kiingereza, na dansi nako tulikuwa na Atomic Jazz. Sijui kama kuna mahali pengine duniani palipotaja atomiki kwa mahaba namna ile.) Katika taarabu huimbi kwamba fulani amekusaliti. Unaimba tunda, ndege, chombo kilichokosa nahodha, bahari iliyochafuka. Aliyekusudiwa anajua. Na kama hajui, yupo atakayesimama ubeti ukifika, akapita mbele na noti yake mkononi kumtuza mwimbaji, huku akimtazama mtu. Kanga nazo hufanya kazi hiyo hiyo, mtu akavaa jina akapita nalo mbele ya mlango wa mwenziwe. Katika miaka ya 1990 vikundi vya Dar es Salaam, TOT na Muungano, vilitoa pazia kabisa, fumbo likawa mipasho.

Mtu aliyelelewa hivyo akisikia wimbo mtulivu, wa huzuni, wenye neno "mwanamke" na neno "kilio" mahali pamoja, swali lake la kwanza si "umesema nini?" Swali lake ni "unamsema nani?" Akishauliza hivyo, jibu haliwezi kuwa la faraja, maana hakuna anayemtuza mwimbaji kwa ajili ya kumfariji jirani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wanaosema wimbo ukishatolewa ni mali ya msikilizaji, kila mtu aufasiri apendavyo. Katika taarabu mtunzi ameziweka maana mbili kwa mkono wake, ya juu na ya chini, naye ndiye anayebeba lawama ukimfikia mtu. Katika wimbo wa Marley maana ya pili hakuiweka mtu. Imezaliwa kwa sababu "no" ya Jamaika na "no" ya kibao cha bandarini zinaandikwa sawasawa. Kulitumia kosa la kusikia kama silaha, halafu ukasema "si mimi, Bob Marley ndiye aliyesema", ni kumsingizia marehemu.

Nisieleweke kwamba kusikia vibaya ni ugonjwa wa Waswahili. Kuna wimbo wa Kiingereza ambao kwa miaka mingi umepigwa kwenye harusi zetu maharusi wakikata keki, ule ambao Whitney Houston aliuimba mwaka 1992 katika filamu ya The Bodyguard, wa kuapa kupenda daima. Alioutunga Dolly Parton, akautoa mwaka 1974, ulikuwa wimbo wa kuaga. Alikuwa anaacha kazi na Porter Wagoner, bwana aliyekuwa na kipindi cha televisheni alichokuwa akiimbia, na wimbo huo ulikuwa njia yake ya kumwambia naondoka lakini kwa heri njema. Tunawakatisha watu keki kwa wimbo wa kuachana, na shangazi wanapiga vigelegele. Ila wenye Kiingereza chao nao wanaupiga harusini vile vile, kwa hiyo hilo tusijilaumu peke yetu.

Wao wenyewe walipata fundisho kubwa zaidi Septemba 1984, rais wao Ronald Reagan aliposimama katika mji wa Hammonton, jimbo la New Jersey, akiomba kura, akamsifu Bruce Springsteen kwa ujumbe wa matumaini wa nyimbo zake. Mwaka ule wimbo wa Springsteen uliovuma ni "Born in the U.S.A.", na watu walikuwa wakiupeperushia bendera. Beti zake zinamhusu askari aliyerudi kutoka Vietnam akakuta hana kazi wala wa kumsikiliza. Walishika kibwagizo wakaacha beti. Lugha ni ya mama yao.

Na sisi tukiwapelekea vyetu, wanavipokea hivyo hivyo. "Malaika", aliourekodi Fadhili William huko Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambao mwenyewe halisi bado unagombewa, kwani Adam Salim, Mtanzania, naye alidai ni wake, umeimbwa dunia nzima. Wapo wageni wanaodhani ni wa kubembelezea mtoto kwa sababu una malaika ndani. Sisi tunajua ni kijana anayelia hana mahari. Miriam Makeba alipouimba kwa sauti yake ya dhahabu aliacha kitendo kiwe "kuoa", kama alivyosema mwanamume, wala hakukigeuza kuwa "kuolewa". Kwa Kiingereza huoni tatizo, maana kitendo chao cha ndoa hakiulizi nani anamchukua nani. Mtu wa pwani hutabasamu, halafu huendelea kusikiliza kwa raha. Lakini hakuna mwanamke aliyetukanwa kwa kosa lile. Hilo ndilo linaloutenga wimbo wa Marley na haya mengine yote.

Limebaki neno moja gumu, nalo ni "woman" lenyewe. Tuseme umekubali kwamba maana ni "usilie". Ukitafsiri "Usilie, mwanamke", bado umeharibu. Kwa Kiswahili, kumwita mtu usoni "mwanamke" ni kuanza ugomvi. "We mwanamke!" husikika ukumbini sahani zikiwa karibu kuruka. Kule Jamaika, mwanamume aweza kumwita hivyo anayempenda, ikawa na upole wote unaotakiwa. Hapa kwetu upole huo unakaa katika neno jingine. Muuza samaki humwita mteja wake mama, kondakta humwita abiria mama, na mume mwenye adabu humwita mkewe mama fulani, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Nadhani ndiyo maana hata wale wachache waliokisikia kitendo sawasawa bado walihisi ukali ndani ya wimbo. Kiingereza walikielewa, Kiswahili cha kichwani ndicho kilichowakaripia.

Kwa hiyo fundi wa kuchora maandishi akiniuliza aandike nini kwenye mpira wa baiskeli ya mtu anayempenda Bob Marley, nitamwambia aandike USILIE MAMA. Nimezihesabu. Kiingereza kina herufi kumi na mbili, hii ina kumi, na rangi siku hizi si bei ya kuchezea.